Mja mzito asikimbie kliniki

Dada zetu wako London kwa masomo, kwa kazi na kwa kufuata waume. Wamo miongoni mwao ambao, wapatapo mimba, hujificha vyumbani hadi miezi ikawaelemea. Wanaogopa deni.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Kwa kanuni za mwaka 2015, mgeni asiyehesabiwa kuwa mkaazi hutozwa na hospitali za Serikali asilimia 150 ya gharama ya uzazi. Deni la pauni 500, likipita miezi miwili bila ya kulipwa, laweza kumharibia maombi ya viza.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Sheria hiyo hiyo ya Uingereza yakataza mja mzito kunyimwa au kucheleweshewa huduma kwa sababu ya fedha. Uzazi wa majira hautozwi kwa mtu yeyote. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji hati ya uhamiaji. Na aliyelipa ada ya afya alipoomba viza hadaiwi tena gharama za kujifungua.

Deni hujadiliwa, likalipwa kidogo kidogo. Roho ya mama ikitoka hairudi.

Kwa hiyo twasema wazi: balozi zetu na vyama vya wananchi walioko ughaibuni havina budi kuyaeleza haya kwa Kiswahili chepesi, tena kabla ya safari. Kumjulisha mtu haki yake ni amana. Kuinyamazia ni khiana.