Tahadhari: Kichwa cha safu kisigeuzwe kigeu

Ninyi mnaouandikia ushirika programu kwa Python, iwe mko Bunda kwenye pamba, Musoma mwaloni kwenye dagaa au chuoni Butiama: kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, fungueni msimbo wenu mtafute mstari kama huu:

globals()[safu] = thamani

Huo huchukua kichwa cha safu ya faili la Excel na kukifanya kigeu. Ni mfupi na unavutia, ndiyo maana unanakiliwa ovyo. Sasa chukulia programu ya AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) yenye kigeu kiitwacho bei, yaani bei ya kilo iliyotangazwa. Karani analeta faili lenye safu "bei", akikusudia bei ya viuatilifu alivyokopeshwa mkulima. Python haiulizi wala hainung'uniki. Bei ya dawa inakalia nafasi ya bei ya pamba, na malipo yanatoka kwa hesabu hiyo. Safu ikiitwa "sum" ni afadhali, kwa sababu programu itagoma itakapotakiwa kujumlisha.

Kibaya zaidi ni eval. Wapo wanaoiweka ili karani aandike 45*3 kwenye kisanduku cha kilo na jibu likokotolewe. Lakini eval haitofautishi hesabu na amri. Mwenye nia mbaya akiandika __import__('os').system(...) anaweza kufuta majina, simu na akaunti za wakulima wote. Na anayedhani amejikinga kwa kuondoa __builtins__ anajidanganya: Python huruhusu kitu chochote kihojiwe asili yake, hivyo kuanzia ().__class__ mtu hupanda hadi __subclasses__() na kuzifikia zana alizonyimwa.

Wenzetu wa PHP walishaungua. register_globals, iliyogeuza data za fomu kuwa vigeu, ilizimwa mwaka 2002 katika toleo la 4.2.0 isipokuwa mtu aiwashe mwenyewe, ikaondolewa kabisa mwaka 2012. Anayeandika extract($_POST) leo anairudisha kwa mlango wa uani.

Wekeni thamani kwenye kamusi, mkulima["bei"], na orodha ya majina ya safu yanayokubalika. Jina jingine lolote likataliwe. Kilo zisomwe kwa Decimal, kuzidisha kufanywe kwa kikokotoo. Kisha endesheni hii:

grep -nE "eval\(|exec\(|globals\(|setattr\(" *.py

Ukikuta hata mstari mmoja unaopokea maandishi ya mtumiaji, programu hiyo isifike kwenye mizani mpaka umeurekebisha.