Ndege Nayo Ina Mkuku

Wako watu ambao, wakimwona mtu mzima ameinamia bamba la plastiki akilikata kwa wembe apate bawa la ndege, hucheka. Wenye adabu hutabasamu tu. Hukumu yao ni moja: huo ni mchezo wa watoto, na mtoto mwenyewe angefaa auache mapema. Wako wengine, wasomi zaidi, ambao hawacheki bali hutoa fatwa: mfano wa ndege ni mwigo, na mwigo si sanaa. Na liko kundi la tatu, lenye madhara kuliko yote mawili, linalosema kwamba hata kazi hiyo ikikubaliwa kuwa kazi, haizungumziki kwa Kiswahili, maana Kiswahili hakina maneno yake. Makundi yote matatu yamepotoka, na hilo la tatu limepotoka huku limeketi juu ya hazina.

Kwa Sadala ni mahali pazuri pa kuwajibia. Mji huo mdogo wa soko uko kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, wilayani Hai, mlima Kilimanjaro ukiwa kaskazini yake. Katika wilaya hiyohiyo ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Tangu hapo watoto wa Hai wamekua wakiinua macho. Mtoto aionaye ndege mara kwa mara hatosheki kuiona. Hutaka kuishika, na kwa kuwa haishikiki, huiunda. Huanza na bua la mgomba, akachomeka vijiti viwe mabawa. Kisha akaja kwenye kopo na waya. Na akijaaliwa subira na jicho kali, hufikia bamba la plastiki.

Hapo ndipo cheko linapopaswa kukoma. Bamba ni kitu bapa. Hamna ndege ndani yake. Anunuaye boksi la vipande vilivyokwisha kumiminwa kiwandani hupewa ndege iliyokwisha kufikiriwa na mwingine, naye huunganisha namba 1 na namba 2. Hilo si jambo baya, na mafundi wengi wa nchi za ng'ambo wamejifunzia hapo. Lakini aanzaye na bamba tupu hana aliyemtangulia kufikiri. Kila mpindo lazima autafute mwenyewe, na kila kosa ni lake.

Na ichukuliwe ndege moja iwe ushahidi: Boeing 737-200, ambayo Air Tanzania, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, lilianza kuirusha mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndege hiyo ina urefu wa mita 30.53, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 28.35. Kwa skeli ya 1 kwa 72, ambayo waunda mifano wameizoea tangu miaka ya 1930, urefu huo huwa sentimita 42.4 na mabawa sentimita 39.4. Mtazamaji aliye chini huapa kwamba kiwiliwili chake ni duara kama bomba. Muundaji hana ruhusa ya kuapa. Hana budi kupima. Akipima hugundua kwamba upana ni mita 3.76 na kimo ni mita 4.01, kwa kuwa kiwiliwili hicho ni matao mawili yaliyokutanishwa, la juu na la chini. Hugundua pia kwamba mabawa hayakunyooka: yamerudi nyuma kwa nyuzi 25 na kuinuka kwa nyuzi 6. Je, ni wangapi kati ya wanaocheka, waliokwisha kupanda ndege hiyo kwa tiketi zao, waliowahi kuijua hivyo?

Skeli hiyo yenyewe inachekesha kwa namna nyingine. Wazungu walioianzisha walihesabu inchi 1 kwa futi 6. Basi mzee yeyote wa pwani aliyepima kamba au kina cha maji anajua kwamba pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ni dhiraa 4, nazo ni kiasi cha futi 6. Kwa hivyo skeli ya 1 kwa 72 ni inchi moja kwa pima moja. Kijana wa Kwa Sadala anayepunguza ndege kwa kipimo hicho anatumia mkono wa babu wa Unguja bila ya kuambiwa na mtu.

Sasa ijibiwe fatwa ya wasomi. Wanasema mfano ni mwigo. Lau wangalikata bamba moja tu wasingalisema hivyo, kwa sababu kitu hakipunguziki chote sawasawa. Ngozi ya bati ya ndege halisi ina unene wa karibu milimita 1. Ikigawanywa kwa 72, hubaki unene mdogo mara nyingi kuliko wa karatasi ya daftari. Hakuna bamba la namna hiyo, na lingekuwapo lisingesimama. Muundaji hutumia bamba la nusu milimita, ambalo kwa kipimo cha ndege ya kweli ni sawa na ukuta wa milimita 36. Amesema uongo? La. Ameacha unene ili aliokoe umbo. Mifereji ya maungio ya bati huichora kwa ncha ya sindano, mipana kuliko inavyostahili, kwa sababu ikichorwa kwa haki jicho halitaiona. Kila hatua anaamua kipi kife ili kipi kiishi.

Mpenzi wa mashairi anaijua kazi hiyo kwa jina jingine. Mwenye kulifasiri shairi la lugha ya kigeni na kulitia katika mizani 16 za Kiswahili, nane huku na nane kule, hawezi kuvusha kila kitu. Akishika kina hupoteza neno. Akishika neno huvunjika mzani. Hakuna msomi aliye timamu asemaye kwamba mfasiri mwema ni kasuku. Husifiwa kwa alichokiokoa na hulaumiwa kwa alichokiacha, yaani huhukumiwa kama msanii. Haki hiyohiyo inamstahiki anayefasiri ndege ya tani nyingi katika plastiki ya gramu chache. Anayemnyima hana hoja ya sanaa. Ana dharau ya mikono iliyochafuka.

Kisha iko plastiki yenyewe, ambayo nayo ina elimu yake. Plastiki ngumu na nyeupe inayotumiwa kwa mifano, polistirini, hukatwa kwa kukwaruzwa mstari na kuvunjwa, na huungwa kwa kiyeyusho kinacholainisha kingo mbili hata zikawa kitu kimoja. Ikipashwa moto kufikia karibu nyuzi 100 hulegea, na ikibanwa juu ya kalibu ya mti hutwaa umbo la pua au la kioo cha rubani. Lakini dumu la mafuta, ambalo ndilo plastiki inayopatikana kwa wingi sokoni, si la ukoo huo. Kiyeyusho hakiliingii, na gundi hubanduka. Anayetaka kuunda kwa dumu hana budi kutoboa matundu na kushona kwa waya au uzi, kama wanavyoshonwa mabeseni yaliyopasuka mitaani.

Watu wa visiwani wasilipite neno hilo la kushona. Mtepe, chombo kilichosafiri pwani hii kwa karne nyingi, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waliotaka kuujua tena walilazimika kutegemea maandishi, picha, na mifano midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Mwaka 2003 mtepe ukaundwa upya ndani ya Beit el-Ajaib, Unguja, jengo ambalo nalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Vyombo huoza na majumba huanguka. Umbo la mtepe limevuka kwa sababu wako watu waliokaa kitako wakaunda vijimtepe, na bila shaka hawakukosa wa kuwacheka.

Limebaki kundi la tatu, la wasemao kwamba maneno hayapo. Na watazame kiwiliwili cha ndege ya plastiki kabla hakijavikwa ngozi. Kuna uti mrefu unaopita kutoka mbele hadi nyuma: huo ni mkuku. Kuna vipande vilivyosimama juu yake, kila kimoja kikilishika umbo la mahali pake: hayo ni mataruma. Kuna viunzi vya kukingama vinavyobeba sakafu: hizo ni darumeti. Mbele ni omo na nyuma ni tezi. Nyufa zikizibwa kabla ya kupigwa msasa, kazi hiyo ni kutia kalafati. Na tendo zima lina kitenzi chake, kuunda, ambacho tangu zamani kimeambatana na kazi ya vyombo vya baharini. Wanafunzi wa fasihi huandika juu ya "muundo" wa shairi kila siku, wakasahau kwamba neno hilo lina jamaa zake ufukweni, penye shoka na keekee.

Watasema: hayo ni maneno ya jahazi, si ya ndege. Basi na waeleze rubani ametoka wapi. Kabla ya kukalia kiti cha ndege, rubani alikuwa mjuzi wa njia za bahari. Na waeleze usukani, ambao ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari. Lugha ilikwisha kuvusha maneno hayo bila ya kikao wala kamati, kwa sababu wenye kuyahitaji waliyatumia. Yako yatakayokopwa, na injini ni mfano mzuri. Kukopa si aibu. Aibu ni kukopa kilichomo ndani ya kasha lako mwenyewe.

Lawama hii haiwaangukii watu wa bara peke yao. Pwani nayo imeyafungia maneno haya. Huyatoa siku ya shairi, kama vyombo vya kaure vya siku ya harusi, kisha huyarudisha kabatini na kukicheka Kiswahili cha bara kwamba ni kikavu. Neno lisilotumika kazini ni pambo, na pambo huishia kuwa fumbo ambalo hata wajukuu wa waundaji hawalifumbui. Kama mkuku na taruma yatasikika katika karakana za Hai, hayatakuwa yameporwa. Yatakuwa yamepata riziki.

Na jambo hili lina haraka yake. Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024 umeingiza mkondo wa amali katika sekondari, huku sekondari zikiendelea kwa sehemu kubwa kufundishwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kijana aliyeunda ndege kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akipima na kurekebisha, ataingia karakana ya shule na kuambiwa aanze upya kama bubu. Mikono yake inajua. Kinywa kinaambiwa hakijui. Huko si kumfundisha ufundi bali ni kumtenga na ufundi alio nao.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kijana wa Kwa Sadala amekwisha kuacha kuvukuta, anasana. Walimu wa amali na wampe bamba, rula na wembe, wamdai vipimo, na wamkosoe bila ya huruma taruma likikaa upande. Waandishi wa kamusi na waende kwa waunda majahazi waliobaki Nungwi na Lamu, wayaandike maneno kwa maana zake za kazi na wayapeleke karakana. Na wapenzi wa ushairi, ambao ndio wanaojigamba kuilinda lugha, na waache kuilinda kama maiti. Ndege ina mkuku. Anayekataa kuliita jina lake na aseme anamwogopa nani.