UVUMBUZI NI JASHO LA WENGI

Wananchi wengi wamekwisha kusikia habari za DNA, kile kitu kilichomo ndani ya chembe za mwili, kinachorithisha tabia za wazazi kwa watoto, kwa binadamu, kwa ng'ombe na kwa mmea. Wengi pia wameambiwa kwamba umbo lake lilivumbuliwa na Watson na Crick mwaka 1953. Habari hiyo ni pungufu, nayo yawadhulumu wafanya kazi.

Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alieleza kwamba mpira na vitu vya jinsi yake vimefanyika kwa molekuli ndefu mno, zilizoungana pete kwa pete mfano wa mnyororo. Wakubwa wengi wa elimu walimpinga. Mwanafunzi wake, Rudolf Signer wa Bern, Uswisi, aliishika elimu hiyo ya polima, akatoa DNA katika tezi za ndama kwa uangalifu mkubwa hata minyororo yake ikabaki mirefu. Mwezi wa Mei 1950 aliichukua London, akawagawia wenzake bure.

Maurice Wilkins wa King's College alipata fungu lake. Chuoni humo Rosalind Franklin na mwanafunzi Raymond Gosling wakaipiga DNA hiyo picha za eksirei. Picha namba 51, ya mwaka 1952, ilionyesha dalili wazi kuwa mnyororo umesokotwa kama kamba. Wilkins akamwonyesha Watson picha hiyo bila ya Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ya 1962 ilipotolewa kwa Watson, Crick na Wilkins, hakuwapo tena.

Hatusemi kwamba waliotuzwa hawakustahili. Tusemalo ni kwamba nyumba haijengwi na mwezekaji peke yake. Aliyechimba msingi naye atajwe, tena atajwe angali hai.

Leo elimu hiyo yachagua madume ya ng'ombe wa maziwa na kutambua magonjwa. Wako waliotaka kuifungia kabatini: hata mwaka 2013 ilibidi Mahakama Kuu ya Marekani iamue kwamba DNA ya binadamu, kwa kutolewa tu mwilini, haiwi miliki ya kampuni. Signer hakungoja mahakama. Alifungua mkono, na ulimwengu mzima ukafaidi. Mfano wake ndio unaofaa kufuatwa.