Kiingilio Kimoja, Hukumu Nyingi

Bendi ya muziki itokapo Dar es Salaam kuzuru mikoa ya kusini, na onyesho lake la kwanza likafanyika Kilwa Masoko au Lindi mjini, asubuhi yake mji huamka na mabaraza mawili. Katika baraza la kwanza utasikia kwamba halijapata kupigwa dansi kama lile la jana. Katika baraza la pili, pengine ng'ambo ya barabara tu, utasikia kwamba watu wameliwa fedha zao. Wote walikuwa mahali pamoja, wamelipa kiingilio kimoja na wamesikiliza vyombo vile vile. Je, nani msema kweli?

Wapo wanaokata shauri haraka kwamba wanaolalamika hawajui muziki. Wapo pia wanaosema kwamba wanaosifu hawajaona bendi nyingine, ndiyo maana husifu lolote liwafikialo. Maneno yote mawili ni ya dharau. Watu wa pwani hii si wageni wa dansi. Jina la Kilwa lenyewe lilivuma Afrika Mashariki nzima katika miaka ya 1960 kwa sababu ya Kilwa Jazz, bendi iliyoongozwa na Ahmed Kipande na kufanya kazi zake Dar es Salaam. Jumapili hii napenda tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna fedha za nyumba, mna starehe ya watu waliofanya kazi mwaka mzima, na mna heshima wanayostahili wapenzi wa muziki waishio mbali na jiji.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, kiasi cha kilometa 300, ilikuwa safari ya kubahatisha. Mto Rufiji haukuwa na daraja katika barabara ya pwani. Magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipokolea barabara ilikatika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya kipande cha kati ya Ndundu na Somanga ikangoja mpaka miaka ya 2010. Hata baada ya hapo mvua haikuacha kutukumbusha mambo ya zamani: mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika tena maeneo ya Somanga. Mtu aliyekulia katika hali hiyo haendi dansini kama aendavyo mkazi wa Ilala au Kinondoni, ambaye akiikosa bendi Jumamosi hii ataipata Jumamosi ijayo. Kwa mtu wa Kivinje usiku ule mmoja waweza kuwa ndio wa mwaka mzima. Kwa hiyo hukumu yake, iwe ya sifa au ya lawama, huwa nzito.

Pili, tuikumbuke redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ndiyo iliyozirekodi bendi za dansi na kuzipeleka nyimbo zao kila pembe ya nchi. Mkazi wa Lindi akazijua sauti za waimbaji kabla ya kuziona sura zao. Lakini redio huuhifadhi wimbo kama ulivyokuwa siku ya kurekodiwa, ilhali bendi yenyewe haikai mahali pamoja. Waimbaji huhama, wapigaji huhama, na mtindo hubadilika.

Chukua mfano wa marehemu Muhidini Maalim Gurumo. Alikuwamo katika NUTA Jazz tangu mwanzo wake mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi ambayo mtindo wake ulijulikana kuwa Msondo. Mwaka 1978 alihamia Mlimani Park, iliyojipatia jina la Sikinde. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na huko ukatoka mtindo wa Ndekule. Baadaye alirejea Msondo, akawa huko miaka mingi kabla ya kufariki dunia Aprili 2014. Katika muda wote huo nyimbo zake za kila bendi ziliendelea kusikika redioni bega kwa bega, kana kwamba mwimbaji yule mmoja yuko kila mahali kwa wakati mmoja.

Sasa mfikirie mpenzi wa muziki aliyeko Lindi, ambaye ameipenda bendi kwa sababu ya sauti fulani, naye analipa kiingilio kwa jina la bendi. Anaingia ukumbini na kukuta jina ni lile lile, maneno ya wimbo ni yale yale, lakini mwenye sauti hayupo. Huyu atarudi nyumbani akisema bendi imekufa. Jirani yake, ambaye hakuwa na mazoea na sauti ile, amemwona kijana mpya mwenye kipaji, naye atarudi akisema bendi imezaliwa upya. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja.

Tatu, tutazame watu wenyewe waliomo ukumbini. Wa kwanza ni mpenda nyimbo za zamani. Huyu aliposa kwa wimbo fulani, akapata mtoto wa kwanza wakati wimbo fulani unavuma, na usipopigwa anaona amenyimwa kitu chake. Wa pili ni mpenda mapya, ambaye husema kuwa za zamani huzisikia redioni bila kulipa, na kwamba fedha yake ameitoa ili asikie kisichosikika kwingine. Wa tatu ni mchezaji. Huyu huvumilia beti za mwanzo kwa adabu tu, akingoja chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na tumba kupanda juu. Wa nne ni msikilizaji wa maneno, na katika pwani yetu, iliyolelewa kwa mashairi na taarabu, hao ni wengi kuliko wanavyodhani wapigaji. Magitaa yakiimeza sauti ya mwimbaji, huyu wa nne amekosa karibu yote aliyoyafuata. Watu hawa wanne wamekata tikiti ya rangi moja, lakini kila mmoja amenunua kitu chake.

Tena kuna jambo la ufundi ambalo mara nyingi halitajwi. Usiku wa kwanza wa ziara ndio mgumu kuliko wote. Vyombo vimetikiswa njia nzima. Nyuzi za magitaa hulegea kwa joto na unyevu wa pwani. Fundi mitambo hajaujua ukumbi, na sauti aliyoipanga mchana ukumbi ukiwa mtupu hubadilika usiku ukijaa watu. Onyesho likifanyika uwanja wa wazi, kama ule wa Ilulu pale Lindi, upepo wa bahari huichukua sauti upande mmoja. Aliyesimama mbele amesikia kila chombo. Aliyesimama nyuma amesikia ngurumo tu. Huenda basi hata yale mabaraza mawili ya asubuhi hayatofautiani kwa jambo kubwa, ila kwamba moja lilisimama mbele na la pili likasimama nyuma!

Jambo hili haliwapati wanamuziki wetu peke yao. Kundi la roki la U2 kutoka Ireland, lenye fedha nyingi na mafundi wa kila aina, lilianza ziara yake iliyoitwa PopMart katika mji wa Las Vegas, Marekani, tarehe 25 Aprili 1997. Tarehe za ziara zilikuwa zimepangwa kabla albamu yao mpya haijakamilika, na muda wa mazoezi ukawa mfupi. Usiku huo wimbo mmoja uliwavurugikia, wakaukatisha na kuuanza upya mbele ya watu waliolipa. Wapo waliostaajabia jukwaa lao kubwa na pazia lake la picha, na wapo walioandika kwamba kundi halikuwa tayari. Miezi ilipopita muziki wao ukakaa sawa, na ziara ikaishia Johannesburg mwezi Machi 1998. Watu wa mji wa mwisho walisikia kundi lililokwisha kuiva. Watu wa mji wa kwanza walikuwa wamelipia mazoezi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Sisemi kwamba ziara zisianzie kusini. Kuanziwa ni heshima: sauti za waimbaji hazijakauka, sare hazijachakaa, na wapigaji hawajachoshwa na usingizi wa ndani ya basi. Mwezi Novemba 2018 tamasha la Wasafi lilianza mzunguko wake wa mikoani pale Mtwara, na watu wa kusini walikuwa na haki ya kuona fahari. Lakini heshima hiyo hugeuka dharau pindi mji wa mbali unapofanywa mahali pa kujaribia, kwa hesabu kwamba watu wa huko hawatajua tofauti, na wakijua hawana pa kusemea. Wanajua sana. Na siku hizi habari za Masoko hufika Dar es Salaam kabla ya basi la bendi.

Kwa hiyo, enyi wenye bendi na mapromota, mambo manne tu yangepunguza manung'uniko mengi. Tangazeni kwa ukweli nani atakuja na nani hatakuja. Picha ya mwimbaji aliyekwisha kuhama haina kazi katika tangazo ila kuwadanganya watu. Fikeni mapema, mvijaribu vyombo mchana kutwa, tena mwende hadi nyuma kabisa ya ukumbi kusikiliza yasikikayo huko. Changanyeni nyimbo, ili yule wa zamani na yule wa mapya kila mmoja apate fungu lake. Na mkitangaza saa 3 usiku, isiwe saa 6. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji aumwe.

Nasi wapenzi wa muziki tunao wajibu wetu. Kusema kwamba bendi ni mbovu hakumsaidii mtu. Kusema kwamba waimbaji hawakusikika nyuma, au kwamba nyimbo tatu mpya zilifuatana mpaka wachezaji wakakaa chini, ni msaada, na bendi yenye akili italisikia neno hilo kabla haijafika mji wa pili. Vile vile tusiihukumu bendi kwa sababu tu sisi ni wafuasi wa nyingine. Ushindani wa Msondo na Sikinde ulilitia dansi letu uhai kwa miaka mingi, lakini mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kuingia ukumbini angeweza kubaki kwake na kuokoa nauli.

Nimeitaja nauli, na hapa ndipo nilipotaka tufike, maana ukurasa huu ni wa familia. Mapromota hawaji kusini kwa kubahatisha. Huja watu wanapouza ufuta katikati ya mwaka, na zaidi huja kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza. Fedha ile ile ya kiingilio ndiyo itakayotakiwa mwezi Januari kwa sare na madaftari ya watoto. Mtu wa Kivinje aendaye Masoko huongeza nauli ya kilometa zaidi ya 20 kwenda na kurudi, tena usiku, wakati bei ya bodaboda inategemea huruma ya mwenye pikipiki. Ukijumlisha na soda mbili tatu za kuwakirimu marafiki, dansi la usiku mmoja limekwisha kuwa mzigo wa nyumba nzima.

Basi liamueni jambo hilo wawili nyumbani, siku tangazo linapobandikwa, si jioni ya onyesho baba akiwa amekwisha kuvaa viatu. Mara nyingi mume huenda peke yake, mke akabaki na watoto. Asubuhi mume anamsimulia mkewe uhondo wa chemko, naye mke anakoroga uji kimya, akiigawanya ile fedha kichwani: hii sare, haya madaftari, haya mafuta ya taa. Mabaraza yote mawili ya barabarani yamekwisha kutoa hukumu yao, lakini hii ya jikoni hakuna aliyeiuliza, na ndiyo ya yule aliyelipa bila kusikia hata wimbo mmoja.

Sisemi watu wasiende. Mfanyakazi wa bandarini, mwalimu, mvuvi na mkulima wa korosho wote wanastahili usiku wa furaha, na wake zao wanastahili vile vile. Watoto wakilala kwa bibi yao usiku mmoja hawatadhurika. Tengeni fedha ya Januari kwanza, muifunge mahali pasipofikika kwa urahisi. Iliyobaki, ikiwatosha wawili, nendeni wawili. Ikimtosha mmoja tu, zungumzeni kama aende au kama mngojee bendi nyingine kwa pamoja. Na mkirudi, mmoja akisema lilikuwa dansi bora na mwingine akisema magitaa yalimeza maneno, bishaneni mpaka alfajiri. Mabishano ya namna hiyo hayajapata kuvunja nyumba.

Tukutane Jumapili ijayo.