Kabla ya Mbegu, Lishe

Ng'ombe wa maziwa akipandishwa mara tatu bila kushika mimba, lawama humwangukia mhimilishaji. Asipolaumiwa yeye, italaumiwa mbegu. Na mwishowe ng'ombe mwenyewe ataitwa tasa, apelekwe mnadani. Ni nadra mtu kuuliza alikuwa anakula nini miezi mitatu iliyopita. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu tunaamini ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza.

Yai haliundwi siku ng'ombe anapoonyesha joto. Kifuko kinachopasuka leo na kuliachia yai kilianza kukua miezi kadhaa nyuma. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Jack Britt, alitoa hoja kwamba yai lililoanza kukua wakati ng'ombe anakonda baada ya kuzaa hubeba athari za upungufu ule hadi siku ya kupandishwa, hata kama mnyama ameshaanza kurudisha mwili. Kwa hoja hiyo, anayepandishwa siku ya 80 anatumia yai lililokulia katika zile wiki ngumu za mwanzo wa kukamuliwa.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye kiwele. Kila lita ya maziwa huhitaji takriban gramu 70 za glukosi, na kiwele huichota kwenye damu bila kungoja insulini. Ng'ombe wa lita 20 hutumia hivyo karibu kilo moja na nusu kwa siku, ilhali hamu yake ya kula bado haijarudi sawasawa. Glukosi ikipungua, kongosho nalo hupunguza insulini. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, na asidi za mafuta hayo hufika hadi kwenye majimaji yanayolizunguka yai, zikalidhoofisha. Insulini ikiwa chini, ini pia halitoi vya kutosha homoni ya IGF-1, ambayo ovari huitegemea. Vifuko vinadumaa, joto linachelewa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakiwemo Phil Garnsworthy na Bob Webb, walishiriki kuonyesha kwamba hali hiyo hubadilika kwa chakula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, asilimia 90 ya ng'ombe waliolishwa chakula chenye wanga zaidi, cha kupandisha insulini, walipevusha yai ndani ya siku 50 baada ya kuzaa. Wenzao waliolishwa chakula cha insulini ndogo walikuwa asilimia 55.

Wapo watakaoishia hapo na kuhitimisha kwamba dawa ni kuongeza wanga. Huo ndio uamuzi wa haraka tunaoupinga. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2005, uliwalinganisha mitamba wembamba na walionona. Wembamba walipoongezewa chakula, mayai yao yalikuwa bora zaidi. Walionona walipoongezewa, mayai yao yalififia, na wengi wao walikuwa na insulini iliyozidi kiasi katika damu. Ndipo mwaka 2009 kundi la Nottingham likachapisha jaribio la kubadilisha lishe njiani: wanga mwingi mpaka ng'ombe aanze tena mzunguko, kisha chakula cha kushusha insulini wakati wa kupandishwa. Kufikia siku ya 120 baada ya kuzaa, asilimia 60 ya waliobadilishiwa hivyo walikuwa na mimba. Kwa makundi mengine ilikuwa asilimia 27. Ng'ombe wa jaribio hilo walikuwa wachache, lakini funzo ni zito: insulini inayoamsha ovari ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuliharibu yai ikizidi.

Hatusemi mfugaji wa Tanga au Kiambu anakili lishe ya Nottingham. Ng'ombe wengi huku kwetu huzaa wakiwa wamepitia kiangazi kwa mabua ya mahindi. Hao wanahitaji pumba na mashudu mapema, katika miezi miwili ya mwisho ya mimba, kabla hali haijaharibika. Lakini yupo pia ng'ombe wa bandani aliyeacha kukamuliwa huku akiendelea kumwagiwa pumba. Huyo huzaa akiwa amenona, hula kidogo baada ya kuzaa, na hukonda kwa kasi kuliko mwenzake. Kumwongezea debe la pumba kwa sababu tu kitabu kimesifu wanga ni kumkosea.

Basi tuanze kwa kumsoma mnyama. Simama nyuma yake, tazama pande mbili za shina la mkia, kisha pitisha kiganja juu ya mbavu fupi za kiunoni. Mashimo yenye kina na mbavu zinazohesabika kwa macho ni alama 1 au 2 kati ya 5. Mafuta yaliyofunika kila mfupa ni 4 na kuendelea. Siku ya kuzaa, lengo liwe karibu na 3.

Kadi ya uhimilishaji hurekodi tarehe na dume aliyetumika. Tunataka iongezwe safu mbili: alama ya mwili siku ya kuzaa na alama ya mwili siku ya kupandishwa. Hazigharimu chochote zaidi ya macho na kiganja. Mfugaji anayelipia mbegu bora ana haki ya kuambiwa kama ng'ombe wake yuko tayari kuipokea, na mtaalamu anayechukua fedha hiyo ana wajibu wa kumwambia.