Mchoro wa Mwenzio Usimmalizie

Kabla ya kugusa rangi, msanii huchora mchoro wa kujiandalia. Hapo ndipo anapojaribu hili na kufuta lile. Ukiupata ukiwa nusu, utausomaje?

Tuseme kijana wa kambi ya Ifo, kule Garissa, amekuonyesha karatasi aliyochora kwa penseli. Pana mfereji wa maji na foleni ya mitungi ya plastiki, na kila mtungi umechorwa hadi mkono wake. Nyuma wamesimama akina mama wasio na nyuso. Sisi wa mjini tutasema mara moja, "Maskini, dhiki imewafuta nyuso!" Lakini pengine kijana hajafika kwenye nyuso.

Anza na kilichopo. Mstari hafifu mara nyingi ni wazo la kwanza. Mstari uliorudiwarudiwa huonyesha alipohangaika. Ikiwa ni bega la mama mmoja, basi alikuwa akitafuta namna mama yule anavyosimama. Palipo patupu, paache patupu.

Leonardo da Vinci wa Italia aliacha mchoro kama huo yapata mwanzoni mwa miaka ya 1500, kwa makaa na chokaa, kwenye karatasi 8 zilizogandishwa pamoja. Mwaka 1962 ulinunuliwa kwa pauni 800,000 ukabaki National Gallery, London. Ana, mamake Mariamu, ananyoosha kidole juu, lakini mkono huo ni mistari mitupu. Karatasi haina vitobo ambavyo mafundi wa zama hizo walitumia kunakili mchoro. Hilo ni ushahidi kwamba haikunakiliwa kwa njia hiyo. Kwa nini mkono uliachwa vile, karatasi haisemi, na mwenyewe hayupo tumuulize.

Kijana wa Ifo yupo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1991 kwa waliokimbia vita Somalia, na waliozaliwa humo wamekuwa wazazi. Miaka yote hiyo tumewamalizia hadithi yao tukiwa mbali, daima kwa machozi. Muulize, "Hapa ulitaka kuweka nini?" Huenda akina mama wale wanacheka, au wanagombania zamu.

Mzazi, jizoeze nyumbani. Mwanao akikuletea mchoro nusu, usimwambie ni nini. Muulize, kisha umrudishie penseli.