Elimu ya Mbali Isiwe Elimu ya Upweke

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kiliwafungulia mlango watu ambao awali walilazimika kuchagua kati ya kazi na shahada. Mwalimu wa Sumbawanga na karani wa Lindi waliweza kusoma huku wakiendelea kulitumikia Taifa na kutunza familia zao.

Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kumfikisha msafiri mwisho wa safari ni jambo jingine. Mwanafunzi anayeishi bwenini akikwama, hugonga mlango wa jirani. Mwenzake wa mbali akikwama usiku, baada ya kusahihisha madaftari na kuwalaza watoto, hana wa kumwuliza. Mwaka wa kwanza hujipa moyo; wa pili huahirisha mitihani; kisha hunyamaza kabisa. Akili anayo, na bidii anayo. Kinachomshinda ni upweke.

Dawa ya tatizo hili Taifa limekwisha kuitumia. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, wakiwa na redio, kitabu na kiongozi wa kikundi. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Redio peke yake isingeyafanya hayo. Nguvu ilitokana na majirani waliopanga jambo pamoja na kudaiana utekelezaji. Ikiwa mbinu hiyo iliwafaa wakulima ambao wengi wao ndio kwanza walikuwa wakijifunza kusoma, itashindwaje kuwafaa walimu na watumishi wa Serikali?

Hapana budi, basi, kila wilaya yenye wanafunzi hata watano iwe na kikundi chao. Kikutane kwa siku maalumu kila wiki. Kila mmoja apewe sura ya kuwafafanulia wenzake. Asiyefika afuatwe nyumbani. Simu na intaneti zinafaa kwa kupashana habari, lakini haziuoni uso wa aliyekata tamaa. Wakuu wa shule na wa idara watoe chumba na taa saa za jioni, kwani elimu hiyo huirudia kazi. Vituo vya mikoa vya Chuo navyo vimwunganishe kila mwanafunzi mpya na wenzake tangu siku anapoandikishwa.

Hata hivyo, kikundi kisigeuzwe kuwa pango la kunakiliana majibu. Hoja zijadiliwe na wote. Kazi iandikwe na kila mtu mwenyewe. Anayenakili hujidanganya kwanza, kisha huwadanganya watoto atakaowafundisha.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima hana budi kujitegemea. Ni kweli, lakini kujitegemea kulikotangazwa katika Azimio la Arusha, mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kumwacha kila mtu na lwake. Shahada huandikwa jina la mtu mmoja, ila faida yake ni ya shule, ofisi na wilaya nzima. Wanaosoma mbali na Chuo wasisubiri waraka. Watafutane, wapange siku, waanze.